Barua ya wazi: Kabla meli ya mitetemo haijaingia Mkondo wa Pemba

Kwa: Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya petroli

Nakala: Wenye dhamana ya mazingira, uvuvi na usalama wa vyombo vya majini, Mkuu wa Mkoa wa Tanga, waheshimiwa wabunge wa majimbo ya mwambao

YAH: USIMAMIZI WA UTAFUTAJI WA MAFUTA NA GESI BAHARINI, MWAMBAO WA TANGA

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waandishi wa barua hii ni wavuvi wa jarife (wavu mrefu unaoachwa uchukuliwe na maji) na ringi neti (wavu wa kuzungushia samaki), manahodha, wakulima wa mwani, na mafundi waliowahi kufanya kazi kwenye meli za utafiti wa mafuta. Tunaishi kati ya Moa na Kipumbwi, tukitazamana na Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya Tanga na kisiwa cha Pemba. Tulianza kwa njia ya kawaida: barua kwa ofisi zinazohusika, kupitia viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za bahari) na serikali za mitaa. Zilipokelewa, zikagongwa mhuri, zikanyamaza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Siku hizo zimeshapita, na ndiyo sababu leo tunaandika hadharani, kabla meli ya mitetemo, yaani inayopima miamba ya chini ya bahari kwa milio ya sauti, haijaingia.

Hatupingi utafutaji. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na leo inawasha taa za nchi hii. Gesi iliyogunduliwa nchini imefikia futi za ujazo trilioni 57.54, sehemu kubwa ikiwa bahari kuu upande wa kusini, na tunaelewa kwa nini Serikali inataka kujua kama kaskazini nako kuna kitu. Tunalolalamikia ni kwamba juhudi za kumwita mwekezaji zimekwenda mbio, na usimamizi wa kazi yake akishafika majini umeachwa nyuma. Hoja zetu ni hizi.

1. ANAYENADI NA ANAYEKAGUA WAKO WIZARA MOJA

Sheria ya Petroli ya 2015 ilipiga hatua ya maana. Kabla yake TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania lililoanzishwa mwaka 1969, lilikuwa mfanyabiashara na msimamizi kwa wakati mmoja. Sheria ikaipa mamlaka mpya, PURA, udhibiti wa mkondo wa juu (utafutaji na uzalishaji), TPDC ikabaki kuwa shirika la taifa la mafuta, lenye ushiriki usiopungua asilimia 25 katika leseni isipokuwa lenyewe liamue vinginevyo. Hata hivyo vyombo vyote viwili viko chini ya wizara ya nishati, na wizara hiyohiyo ndiyo inayovinadi vitalu (maeneo ya kutafutia mafuta na gesi) kwenye makongamano. Hatumtuhumu mtu kwa nia mbaya. Ila afisa ambaye kazi yake inapimwa kwa idadi ya leseni zilizotolewa si wa kutegemewa kusimamisha meli inayokula mamia ya maelfu ya dola kwa siku, eti kwa sababu mwangalizi ameona kundi la pomboo.

Wengine wamelijua hili baada ya kuzika watu. Jukwaa la mafuta la Piper Alpha, kwenye bahari ya Uingereza, liliungua tarehe 6 Julai 1988 na watu 167 wakafa. Tume ya Lord Cullen ikapendekeza usalama wa baharini utolewe wizara ya nishati ya Uingereza upelekwe kwenye chombo cha usalama kazini, na ikawa hivyo. Marekani walikuwa na ofisi moja iliyogawa vitalu, ikakusanya mrabaha, na ikakagua mitambo. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ukalipuka, wafanyakazi 11 wakafa, na mafuta yakamwagika kwa siku 87. Ofisi ile ikavunjwa ikawa tatu. Norway nao, mwaka 2004, walitenga chombo cha usalama kutoka kwenye chombo cha rasilimali.

Tunaomba ukaguzi wa usalama na mazingira baharini uwe na fungu lake la fedha, uwe na mamlaka ya kusimamisha kazi papo hapo bila kuomba ruhusa wizara ya nishati, na ripoti zake zifike bungeni.

2. MELI YA MITETEMO NA JARIFE

Hapa tutakaa kwa muda, kwa sababu ndipo mvuvi anapoumia kabla hata kisima kimoja hakijachimbwa.

Meli ya mitetemo ya pande tatu hukokota nyaya 8 hadi 12 zenye vipokea sauti. Kila waya una urefu wa kilomita 6 hadi 8, na waya na waya huachana kwa mita 100 hivi. Ni mkeka wenye upana wa kilomita moja unaoburutwa mita 6 hadi 20 chini ya uso wa maji. Nyuma tu ya meli, mbele ya nyaya, zipo bunduki za hewa zinazofyatua hewa iliyobanwa kwa takriban paundi 2,000 kwa inchi ya mraba. Zikifyatuliwa kila baada ya mita 25, kwa mwendo wa noti 4.5 (maili za baharini kwa saa), ni mlio mmoja kila sekunde 11, usiku na mchana. Kwa siku ni zaidi ya mara 7,000.

Sasa tazama jarife. Linamwagwa jua likizama, vipande vimeunganishwa hadi kufikia kilomita moja au zaidi, boti imefungwa upande mmoja, na vyote vinachukuliwa na mkondo mpaka alfajiri. Wavu unaning'inia katika kina kilekile zinamopita nyaya. Meli ikionekana ikiwa maili 6 za baharini, kwa noti 4.5 itafika baada ya dakika 80. Kuvuta jarife kwa mikono huchukua zaidi ya saa moja maji yakiwa mazuri. Yakichafuka, ni saa mbili. Meli nayo haiwezi kukupisha. Ikigeuka ghafla nyaya zinajisokota, hivyo mgeuko mmoja kutoka mstari hadi mstari huchukua saa mbili au tatu. Kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, chombo kama hicho huwasha taa tatu wima, nyekundu, nyeupe, nyekundu, na mchana hupandisha maumbo meusi: duara, umbo la almasi, duara. Maana yake ni kwamba hakina uwezo wa kukwepa. Ni manahodha wangapi wa boti za faiba wamefundishwa taa hizo? Na mwisho wa kila waya, kilomita 7 nyuma ya meli, lipo boya lenye taa ya kumetameta ambalo mtu akiliona peke yake hudhani ni la mwenzake.

Kinachofuata hujulikana. Boti ya walinzi inakuja kwa kasi, inaita kwa redio chaneli ya 16, kwa Kiingereza. Boti ya mvuvi haina redio. Wanapunga mikono, wanamulika taa, mwisho wavu unakatwa au unaburutwa. Asubuhi mvuvi anabaki na kamba, maboya machache, na maneno yake matupu.

Kuna suala la msimu. Mawimbi yakizidi mita 3 hivi, kelele ya maji huharibu data, kwa hiyo kampuni huchagua matlai na kaskazi, Oktoba hadi Machi. Hiyo ndiyo miezi ambayo boti za Tanga nazo hutoka mbali kufuata jodari na nguru, maana kusi hutufungia karibu. Ukisema basi wafanye kazi Julai hadi Oktoba, utakutana na nyangumi wa nundu wakipita. Hakuna mwezi usio na mwenyewe. Ila iko njia ambayo mtaalamu wa ofisini hawezi kuijua asipouliza: mwezi ukiwa mkubwa, taa za dagaa hazivuti samaki na ringi neti hupumzika; jarife nalo hupata kidogo, kwa kuwa samaki huuona wavu. Mistari ya karibu na pwani ipigwe usiku wa mbalamwezi, na zikiingia siku za giza, zisizo na mwezi, meli ihamie mistari ya mbali. Data haipungui hata chembe. Inachohitaji ni kupanga kazi kwa kalenda ya mwezi.

Samaki wenyewe? Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 1996 ulipima uvuvi wa samaki waitwao kodi (cod) na hadoki (haddock) kabla, wakati na baada ya bunduki za hewa. Mavuno yalishuka kwa karibu nusu, athari ikaonekana hadi maili 18 za baharini kutoka eneo la kazi, na siku tano baada ya kazi kuisha yalikuwa hayajarudi. Zipo tafiti nyingine zilizoona athari ndogo, na maji yetu si ya Norway. Ndiyo maana tunataka vipimo vya hapa: takwimu za mavuno ya mialo zichukuliwe mwezi mmoja kabla, wakati wa kazi, na miezi miwili baadaye. Wakusanya takwimu wapo tayari kwenye BMU. Wanachohitaji ni fomu, mizani na posho.

Kwa fidia, tunapendekeza utaratibu huu, na tunaomba uwe sharti la leseni, usiachwe kuwa hisani ya kampuni:

(a) Taarifa ya siku 30 kabla, kwa Kiswahili, ikiwa na ramani ya mistari, ibandikwe kila mwalo na kusomwa redioni. Kisha taarifa ya saa 48 kila meli inapohama eneo.

(b) Afisa kiungo wa uvuvi anayeongea Kiswahili awe ndani ya kila boti ya walinzi. Awe mtu aliyewahi kuvua, asiwe karani.

(c) Fomu ya dai nakala tatu: moja ya mvuvi, moja ya BMU, moja ya kampuni. Iandikwe saa, mahali kwa GPS ya simu, idadi ya vipande, ukubwa wa tundu la wavu, maboya, risasi za kuzamishia wavu na kamba.

(d) Mkaguzi alinganishe fomu na kumbukumbu za mwendo wa meli. Meli inajua ilikuwa wapi kila sekunde, hivyo mzigo wa kuthibitisha usimwangukie mvuvi.

(e) Malipo ndani ya siku 14, pamoja na siku za kukaa bila wavu. Jarife halinunuliwi dukani likiwa tayari. Nyuzi huagizwa, wavu ukafungwa maboya na risasi kwa mkono.

Jambo la mwisho kwenye hoja hii. Mkondo wa Pemba una mamlaka mbili: upande wa bara ni Sheria ya Petroli ya 2015, upande wa Zanzibar ni sheria yao ya mafuta na gesi ya 2016 na mamlaka yao ya udhibiti. Jodari hajui mpaka huo, na jarife likichukuliwa na maji nalo haliujui. Taarifa kwa wavuvi iwe moja, na dai la mvuvi wa Tanga dhidi ya meli yenye kibali cha upande wa pili lipokelewe bila kumzungusha.

3. WAANGALIZI WANAOLIPWA NA WANAYEMWANGALIA

Kampuni nyingi hujinadi kuwa zinafuata mwongozo wa Uingereza wa kulinda mamalia wa baharini. Mwongozo wenyewe ni mzuri: mwangalizi hutazama maji kwa dakika 30 kabla ya kufyatua, au 60 pale kina kinapozidi mita 200, mnyama akiwa ndani ya mita 500 kazi haianzi, na bunduki huwashwa kidogo kidogo kwa dakika zisizopungua 20 ili walio karibu wakimbie. Mkondo wa Pemba una kina cha hadi mita 800 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ni dakika 60.

Shida iko kwenye utekelezaji. Mwangalizi huajiriwa na mkandarasi, hula meza moja naye, na ripoti yake humfikia mkandarasi kwanza. Usiku haoni kitu, na vifaa vya kusikiliza sauti za wanyama chini ya maji huwekwa tu pale mdhibiti anapolazimisha. Kasa hutegemea kama leseni imewataja. Kasa hunasa kwenye fremu ya maboya ya mwisho wa waya. Kinga yake ni kizuizi cha chuma cha bei ndogo, lakini lazima mtu akiulizie bandarini kabla meli haijatoka.

Na mbele ya Tanga hatuzungumzii pomboo tu. Kuanzia mwaka 2004 jarife zilizotegwa chini zilinasa silikanti wengi katika maji haya, samaki ambaye hadi mwaka 1938 wataalamu walidhani ametoweka pamoja na dinosaria. Serikali yenyewe ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009, kilomita za mraba 552, kutoka mdomo wa mto Pangani kwenda kaskazini. Mvuvi ameambiwa asitege jarife la chini humo, na sababu ameelezwa. Tungependa kuona leseni ya kitalu inayoitaja hifadhi hiyo kwa jina, ikiwa na umbali wa kisheria ambao bunduki za hewa haziruhusiwi kuukaribia.

4. USHIRIKISHWAJI WA SAHIHI ZA MAHUDHURIO

Tathmini ya athari kwa mazingira ni takwa la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nyaraka huwa kurasa mamia, kwa Kiingereza, na kikao cha kijiji huwa saa mbili: wageni wanatambulishwa, soda inagawiwa, karatasi ya mahudhurio inazunguka. Karatasi hiyo ndiyo baadaye huambatishwa kama ushahidi kwamba wananchi wameridhia.

Afrika Kusini jambo hili lilifika mahakamani. Kampuni ya Shell ilikuwa na haki ya utafutaji mbele ya Wild Coast. Walioiomba haki hiyo walikuwa wameongea na machifu na kutangaza kwenye magazeti ya Kiingereza na Kiafrikana, kwa watu wanaoongea Kixhosa. Desemba 2021 mahakama ikasimamisha utafiti wa mitetemo, na Septemba 2022 ikaifuta haki yenyewe: kuongea na chifu si kuongea na watu wake. Mahakama ya rufaa mwaka 2024 ilikubali kwamba haki ile ilitolewa kinyume cha sheria, ingawa iliacha mlango wa kuomba upya. Mwekezaji makini anaijua kesi hii. Ushirikishwaji wa kweli unamlinda yeye kabla haujatulinda sisi.

Tangu mwaka 2021 sheria imetamka kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya sheria. Tunaomba muhtasari wa kurasa zisizozidi 30, kwa Kiswahili, wenye ramani, ufike mialoni wiki tatu kabla ya kikao. Na kikao kifanyike mwezi ukiwa mkubwa, wanaume wakiwa nchi kavu. Wakulima wa mwani wapewe kikao chao, kisiwe siku za bamvua (maji yakijaa na kupwa sana), kwa maana hizo huangukia mwezi mkubwa na ndizo siku zao za kazi.

5. MATOPE YA KUCHIMBIA

Kwa ufupi, kwa kuwa bado hatujafika huko. Sehemu ya juu ya kisima cha baharini huchimbwa bila bomba la kurudishia matope melini. Yote hutoka na kutua sakafuni. Baadaye mabaki ya mwamba hupanda melini na kutenganishwa. Tunaomba leseni iweke viwango vinavyotambuliwa kimataifa na viandikwe kwa tarakimu: baraiti (madini mazito yanayochanganywa kwenye matope ya kuchimbia) isizidi miligramu 1 ya zebaki na 3 za kadimiamu kwa kilo, na umwagaji upite kwenye bomba lisilopungua mita 15 chini ya uso wa maji. Sampuli ichukuliwe na mkaguzi wa Serikali na ipimwe hapa nchini. Cheti cha muuza baraiti peke yake hakitoshi.

6. MAFUTA YAKIMWAGIKA

Tarehe 21 Agosti 2009 kisima cha Montara, kaskazini mwa Australia, kilipasuka. Kilivuja kwa siku 74. Upande wa pili wa bahari, Indonesia, wakulima wa mwani wa Timor waliona kamba zao zikigeuka nyeupe na mwani ukifa. Kampuni ilikana kwamba mafuta yalifika huko. Wakulima zaidi ya 15,000 waliungana, wakashinda mahakamani mwaka 2021, na makubaliano ya dola za Australia milioni 192.5 yakafikiwa mwaka 2022. Miaka kumi na tatu. Kwa mama wa Kigombe mwenye kamba zake za mwani, miaka kumi na tatu maana yake ni mtoto kuanza darasa la kwanza na kumaliza sekondari kabla fidia haijafika.

Walichokosa wale wakulima ni vipimo vya kabla ya ajali. Tunaomba sampuli za maji, mchanga, mwani na chaza zichukuliwe sasa, kutoka Mkinga hadi Pangani, na zihifadhiwe pahali ambapo si mkononi mwa kampuni. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na siku moja ya mtambo wa kuchimbia.

Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi. Wakati wa kaskazi upepo husukuma vitu kuja pwani. Kisima kikivuja mbele ya Pangani, mafuta yanaweza kufika kwenye mikoko ya Mkinga na kuvuka hadi Kenya, na mpango wowote usioonyesha misimu yote miwili haujakamilika. Vifaa navyo vina mipaka. Boya refu la kuzuia mafuta huanza kuyapitisha chini yake mkondo unaolikabili ukizidi noti 0.7 hivi. Kwenye milango ya hori za Tanga, maji ya bamvua yanayopanda na kushuka zaidi ya mita 3 hukimbia kuliko hapo. Lazima liwekwe kwa mshazari, na watu waliolizoea, kabla maji hayajageuka: una saa sita. Boya lililohifadhiwa Dar es Salaam litafika maji yakiwa yameshageuka.

Kisima cha kina kirefu kikikataa kuzibwa na valvu zake, huhitaji kofia maalumu ya kukiziba. Kofia hizo zimewekwa vituo vichache duniani. Cha Afrika kiko Saldanha, Afrika Kusini. Tunataka kuona kwenye mpango ni meli gani itakayoibeba, itachukua siku ngapi, na nani ameshasaini mkataba wa kuibeba.

Chongoleani lipo gati la bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo kwa vyovyote linahitaji vifaa vyake vya dharura. Vifaa viwe vya mwambao wote, na vijana wa BMU wafunzwe kuvitumia mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa kusi na mara moja wakati wa kaskazi.

7. NANI HULIPA FAINI?

Mkataba mfano wa ugawanaji uzalishaji wa mwaka 2013 unamruhusu mwekezaji kujirudishia gharama kutoka kwenye hadi asilimia 50 ya uzalishaji baada ya mrabaha. Kama faini za mazingira na fidia za nyavu zitaingizwa kwenye gharama hizo, basi mwenye kulipa ni nchi yenyewe. Tunaomba kila mkataba utamke wazi kuwa haziingii. Na ili tuweze kuhakikisha, mkataba uchapishwe. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji (uchimbaji wa madini, mafuta na gesi) ya 2015 inamtaka Waziri ahakikishe mikataba na leseni zinawekwa hadharani. Hatuombi upendeleo.

MAJIBU TUNAYOYATARAJIA

Tutaambiwa kuwa utafiti si uchimbaji. Ni kweli, na ndiyo maana hoja ya pili inahusu nyavu na samaki.

Tutaambiwa vitalu viko mbali na wavuvi wadogo. Mkondo wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi. Boti ya mashine ya nguvu farasi 40 hufika katikati kwa muda usiozidi saa mbili.

Tutaambiwa mikataba ni siri ya biashara. Taarifa za miamba zinaweza kuwa siri kwa muda, hilo tunalikubali. Masharti ya mazingira, fidia na mgawanyo wa mapato hayana siri ya mshindani yeyote.

Na tutaambiwa, hili ndilo kubwa, kwamba masharti yakizidi wawekezaji watakwenda Msumbiji au Namibia. Mheshimiwa, gesi ya bahari kuu ya kusini ilianza kugunduliwa mwaka 2010. Zaidi ya miaka kumi na tano sasa inasubiri, na katika mazungumzo yote hayo hatujasikia hata mara moja kwamba kilichokwamisha ni taarifa kwa wavuvi. Kilichochelewesha ni bei, mgawanyo, kodi na kubadilika kwa sheria. Masharti yaliyoandikwa mapema, kwa tarakimu, humsaidia mwekezaji kupiga hesabu. Kinachomkimbiza ni mgogoro unaoibuka meli ikiwa tayari majini inalipiwa kila siku.

TUNACHOOMBA, NA LINI

Ndani ya siku 30: majibu ya maandishi, kwa Kiswahili, hoja kwa hoja, yakibandikwa soko la samaki Deepsea na kwenye mialo ya Sahare, Kigombe, Kipumbwi na Moa.

Ndani ya siku 90: kikao kimoja Tanga, chenye wizara ya nishati, mazingira, uvuvi na wenzao wa Zanzibar meza moja, kupitia utaratibu wa taarifa na fidia ulioandikwa hapo juu. Tutaleta rasimu ya fomu, kalenda ya mwezi na ramani ya maeneo ya kutega. Hatutaki posho ya kikao.

Kabla ya kibali chochote cha meli ya mitetemo kuingia Mkondo wa Pemba: hoja ya 2 na ya 3 ziwe sharti la leseni, na vipimo vya awali vya hoja ya 6 viwe vimeanza.

Jibu likiwa ni hapana kwa lolote kati ya haya, tunaomba hiyo hapana nayo iandikwe, pamoja na sababu yake na kifungu cha sheria.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wavuvi, manahodha, wakulima wa mwani na mafundi wa bahari
Mwambao wa Tanga